Mkuza Uliopita Nyuma ya Kihenge

Ukibahatika kufanya kazi na Selestine siku hizi, atakuuliza swali moja mpaka ukereke. Ameshapima, mashine imelia, namba zimeingia, wewe umeshanyanyua fimbo yako uhamie mbele, naye anapaza sauti kutoka kule aliko: "Enock, umeisikia?" Nimeisikia. "Una hakika?" Nina hakika, kaka. Anapima tena. Mahali pamoja mara tatu, mara nne, huku jua la Shinyanga likitupiga utosini. Ofisini wanasema ameanza kuzeeka vibaya. Wengine wanasema amerogwa na wenye mashamba. Mimi nimemshikia fimbo kwa miaka kumi na saba, na nakwambia hajarogwa. Angekuwa amerogwa ningefurahi, maana kwa hilo waganga tunao, tena wa kuchagua.

Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Nashika fimbo ndefu yenye kioo juu yake. Selestine anakaa nyuma ya mashine yake ya kupimia, ile ya miguu mitatu, anakilenga kile kioo, anabonyeza, mashine inalia pii, na hapo niliposimama panageuka namba tatu ambazo hazisahauliki. Mvua inyeshe, nyumba ibomoke, miti ikatwe, ukiwa na zile namba tatu utarudi pale pale hata baada ya miaka hamsini. Selestine alikuwa akipenda kuwaambia wanakijiji maneno hayo, kwa majivuno kidogo. Alikuwa anajiona mtu ambaye hakuna kinachompotea.

Alizaliwa Nkome, kando ya ziwa huko Geita, kwa mama anayeanika dagaa na baba aliyekufa mapema. Alisoma kwa dagaa hizo hizo mpaka chuo cha ardhi Tabora, akarudi na cheti na suruali yenye mifuko mingi, na tangu hapo maisha yake yamekuwa mikuza. Mkuza ni ukanda wa ardhi unaotengwa ili kitu kipite: nguzo za umeme, barabara, bomba la maji. Mpimaji anatangulia kabla ya wote. Anafika kijijini wakati watu bado wanalima kwa amani, anapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, na kuanzia siku hiyo kila mtu anajua nyumba yake iko ndani au nje. Si kazi ya kupendwa. Tumeshafukuzwa na mbwa, na nyuki wawili watatu nina hakika walitumwa.

Sasa, kama hujakaa Geita huwezi kujua tegesha ni nini. Mtu akisikia mgodi unapanuka au mkuza unapita, anajenga kibanda usiku kucha, anapanda miche mia tano shambani, halafu anakaa kusubiri fidia. Hiyo ndiyo tegesha. Wengine wanategesha nyumba, wengine migomba. Kwenye mkuza mmoja wa umeme tulitegeshewa makaburi. Saba yalichipuka ndani ya wiki mbili, yote ya familia moja, na mama mmoja akalala juu ya lile la mwisho akilia mpaka na mimi machozi yakanitoka. Selestine hakulia. Aliliangalia tuta, akaokota bonge la udongo, akasema udongo huu umechimbwa juzi. Bwana afya akaitwa, kaburi likafukuliwa mbele ya mwenyekiti, na ndani kulikuwa na shina la mgomba limevikwa shuka. Yule mama akanyanyuka, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Tulicheka siku tatu. Jina la Selestine likapanda, na kila mkuza wenye makaburi ukawa unaletwa kwake. Mimi nadhani ubaya ulianzia hapo. Mtu akishakamata uongo mmoja mkubwa namna ile, anaanza kuuona kila mahali, na anaona raha.

Basi likaja bomba la maji la kwenda upande wa Mwakitolyo. Tulitokea huku Kagongwa tukisogea kijiji hadi kijiji, mkuza wa mita ishirini, kigingi kila baada ya mita hamsini. Utaratibu ulikuwa mmoja kila kaya. Tunamsalimu mkuu wa kaya, Selestine anafungua fomu, anauliza vyumba, miti, visima, makaburi, mkuu wa kaya anajibu, anatia dole gumba, tunasonga. Mkuu wa kaya ni mwanamume. Mwanamke anaulizwa kama mume hayupo au amekufa. Fomu ilikuwa hivyo, nasi tulikuwa hivyo hivyo.

Kwa Mzee Maduhu tulifika asubuhi. Mzee mpole, mfugaji, mwanawe wa kwanza Eliya yuko Mwakitolyo anachimba dhahabu. Mkuza ulipita nyuma ya nyumba yake, ukimeza kihenge cha mahindi na mipapai minne. Akaulizwa makaburi.

"Baba yangu alizikwa kule kwa kaka mkubwa," alisema. "Hapa kwangu hakuna kaburi."

Selestine akaandika sifuri. Dole gumba likatiwa, nasi tukazunguka nyuma kupigilia. Tulikuwa kati ya kigingi cha mia na nne na cha mia na tano mke wa mzee alipotufuata. Alikuja peke yake, ameshika khanga yake kifuani kwa mikono miwili. Jina lake Mbuke, watu wanamwita Mama Eliya.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, maana Selestine na salamu wakati wa kazi ni vitu viwili tofauti.

"Mwangaluka." Akaonyesha chini, nyuma ya kihenge, mahali palipofagiliwa vizuri kama uwanja wowote wa nyumba. "Baba, hapa kuna mtu."

"Mtu gani?" Selestine akauliza.

"Mwanangu. Wa kike. Alikuwa hajaota meno."

"Mumeo ametia dole gumba sasa hivi. Amesema hakuna kaburi."

"Yeye hajui. Wanaume hawaendi. Tulikuwa mimi na mama mkwe, na mama mkwe alishafariki."

Selestine akapazunguka pale mahali. Hakuna tuta, hakuna jiwe, hakuna msalaba. Ardhi sawa kabisa. Akanitazama, na jicho lake nililijua vizuri. Akaniambia kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha: "Tegesha nyingine hii. Hata tuta hawajajisumbua kuweka."

Mbuke alilisikia lile neno. Nani huku hajui neno tegesha?

"Sitaki fidia," alisema. "Hata senti. Wala sitaki mbadilishe njia. Nasema tu mwandike na yeye. Nasikia mashine yenu ikishika mahali hapapotei. Mwandike humo, hata mkichimba ajulikane yuko wapi."

Hapo ndipo ninapotaka usikilize vizuri, maana ndiyo habari yenyewe. Saa ilikuwa imekwenda. Tulibakiza vigingi kumi na vinne kabla ya gari kuturudia, na mimi tumbo lilikuwa linanguruma tangu saa nne. Kumwandika kungechukua nusu dakika. Lakini mahali ukishapaandika kaburi, pana maswali yake: mthamini atauliza, bwana afya ataitwa, mzee atarudishwa kutia dole gumba upya. Juma moja linapotea. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumepindisha mkuza mzima kukwepa josho la ng'ombe, na hakuna aliyenung'unika. Sasa kwa ardhi tupu iliyofagiliwa?

"Enock," akasema Selestine, "simama hapo."

Nikasimama alipoonyesha yule mama, nikainyoosha fimbo. Selestine akarudi kwenye mashine, hatua thelathini hivi, akainama, akafumba jicho moja. Akakaa hapo muda wa kutosha. Halafu akainua kichwa na dole gumba juu.

"Tayari, mama. Yumo."

Mashine haikulia. Hatua thelathini, upepo umetulia, ningeisikia. Hakubonyeza. Alimtazama yule mama tu kupitia kile kitundu, amfurahishe atuachie njia, na yule mama akapiga goti moja, akasema ahsante baba, Mungu akuzidishie. Akarudi ndani akitembea kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

Na mimi nilinyamaza. Nisijifiche nyuma ya Selestine hapa. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miaka mingi kazini, ningeweza kusema kaka bonyeza tu, kuna shida gani. Nilikuwa na njaa. Hiyo ndiyo sababu yangu yote, na kila nikiigeuza haizidi kuwa nzuri.

Ikapita miezi mitano. Masika ikaja ikaisha. Tukapelekwa Nkome kupima njia ya kuteremkia mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, na Selestine akasema tulale kwa mama yake tuokoe posho. Mama Asteria ni mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, ana vichanja vya dagaa mbele na mihogo nyuma. Jioni moja, jua bado liko juu ya ziwa, nikatoka nyuma ya nyumba kuijaribu fimbo, kioo chake kilikuwa kimelegea. Nikaichomeka chini.

"Ondoka hapo!" Mama Asteria akapiga ukelele kutoka kwenye vichanja. "Enock, toka hapo, umemkanyaga dada yake."

Nikaruka kando. Selestine alikuwa amekaa mlangoni anavua viatu.

"Dada yangu yupi?"

"Aliyekutangulia," mama akasema, mikono yake ikiendelea kugeuza dagaa. "Hakufika hata miezi mitatu."

"Mama, mimi si ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza kuota meno."

Akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika ugali. Mtoto ambaye hajaota meno huzikwa na wanawake, hapo hapo nyuma ya nyumba, asikae mbali na mama yake. Hawekewi tuta, kwa sababu tuta linamwita mwingine. Panafagiliwa tu. Wanaume hawaambiwi mahali, na wenye akili hawaulizi. Baba yake Selestine alikufa bila kujua. Hapo hapo Selestine alichezea gololi miaka yake yote ya utoto, na mama akimwangalia anachezea, na hakusema kitu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Halafu wewe mwanamume."

"Na Wasukuma?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wasukuma nao hufanya hivyo?"

"Sasa mwanangu, watoto wa Wasukuma wao hawafi?"

Selestine aliketi na kiatu kimoja mguuni. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa uwanja wa nyumba yao wenyewe. Aliutazama ule udongo uliofagiliwa, mtupu, sawa kabisa, bila jiwe, bila msalaba, na nilijua anachoona kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona. Akatoa simu akampigia msimamizi wa mtaro.

"Kwa Maduhu?" yule msimamizi akajibu, nami nikisikia. "Huko tulishapita wiki iliyopita, kaka. Bomba limelazwa, tumefukia. Kuna tatizo?"

Selestine akauliza kama kuna kitu walikiona. Mifupa, kitambaa, chochote.

"Mwendesha eskaveta hajasema kitu. Udongo mwekundu tu."

Tuliondoka alfajiri. Tulipopita Geita mjini akasema, "Mtaro una upana wa mita moja. Mkuza mita ishirini." Nilimwelewa. Huenda bomba lilipita kando. Huenda mtoto yuko salama, hatua moja tu kutoka kwenye mtaro, amelala vile vile. Na huenda alizolewa akachanganywa na udongo, akafukiwa nusu huku nusu kule. Namba tatu zingetuambia. Tulipofika tulikuta kihenge kimebomolewa, mipapai imekatwa, katapila limekwangua mkuza wote kuwa sawa. Mimi mwenyewe niliyesimama pale, ungeniambia nirudi, nisingejua nianzie wapi.

Nilidhani Mbuke atatutukana. Niliomba atutukane. Njiani nilipanga namna ya kuinamisha kichwa.

Alitupokea kwa furaha. Mzee Maduhu alikuwa machungani. Mbuke akatuwekea viti, akaleta michembe ya viazi vikavu na karanga, akatuita wageni wake, akasema alijua tutakuja tu. Halafu akamtuma jirani kuwaita wanawake wengine wawili. Walikuja wamejifunga khanga kiunoni, mmoja ameshika kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa vizuri. Hawakukaa. Walisimama pembeni kwa adabu, wakitazama sanduku la mashine lililokuwa miguuni kwa Selestine.

"Nimeshamtayarishia," Mbuke akasema. Akatuonyesha upande wa mashariki wa nyumba, nje ya mkuza, chini ya mchongoma. Palikuwa pamefagiliwa leo leo, mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana. "Mtaanza vipi? Mtamtoa humo, au kuna mahali mtanionyesha kwanza?"

Selestine akanyanyuka. Akaifungua mashine, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu kule kwenye mkuza. Mikono yake ilifanya kazi kwa mazoea, skrubu hii, skrubu ile. Nikamfuata na fimbo yangu. Wale wanawake watatu wakatufuata kwa mbali, kitambaa kikiwa mbele.

"Kaka," nikamnong'oneza, "chagua mahali popote. Nitasimama utakaposema. Watachukua udongo kidogo, watauzika, yule mama atalala. Nani atajua?"

Nilimaanisha. Hata leo sijui kama nilikosea.

Akainama kwenye kitundu. Nikasimama katikati ya udongo ule uliokwanguliwa, fimbo mkononi, nikimsubiri aseme kushoto, kulia, rudi nyuma. Hakusema. Nikasubiri sana, kivuli changu kikahama kutoka kwenye unyayo wangu, na wale wanawake hawakusogea hata mmoja. Mwisho akainua uso, na uso ule ndio ninaokutana nao mpaka leo kila anaponiuliza swali lake.

Alitembea mpaka alipokuwa Mbuke, akavua kofia.

"Mama Eliya, hayumo," alisema. "Siku ile sikumwandika. Niliangalia tu. Nilidhani unanidanganya."

Nilifumba macho. Nilisubiri kilio, nilisubiri laana, nilisubiri jembe. Ng'ombe mmoja akalia mbali. Nilipofumbua, Mbuke alikuwa ameinama anaokota tonge la udongo, analivunja taratibu vidoleni, anaangalia ndani yake, analiacha, anaokota jingine.

"Kwa hiyo hakuwa kwako," akasema.

"Hapana, mama."

"Maana hawa wenzangu," akawaonyesha wale wawili kwa kidevu, bila kuacha kuokota, "siku ile ya mashine kubwa waliniambia nilale mbele yake. Walipiga yowe. Hata dereva akasimama. Alizima mashine, akashuka, kijana mzuri ana adabu, akaniamkia. Akaniuliza, mama, kuna mtu wako hapa?"

Akavunja tonge jingine.

"Nikamwambia hapana, mwanangu, yuko kwa baba mpimaji. Pita."